Mtoto aliyevuta moshi wa moto: ngozi imepona, mapafu bado yanadai mchezo



Ndugu msomaji, ukifika Raskazone jioni baada ya swala ya Alasiri utawakuta watoto wametapakaa ufukweni. Wako wanaoogelea, wako wanaofukuzana mchangani, na wako wanaopiga mpira mpaka jua linazama na mama zao wanaanza kuwaita. Jioni moja nilikuwa pale na wanangu, nikamwona mvulana wa miaka kama tisa amekaa peke yake juu ya ukuta mfupi, kitambaa kimemzunguka shingoni, anawatazama wenzake. Hakuwa na kiburi wala hakuwa amekasirika. Alikuwa anatazama tu, kama mtu aliye nje ya dirisha.

Mama yake alikuwa hatua chache kutoka pale. Tulisalimiana, tukakaa, na maneno yakaja yenyewe. Miezi minne nyuma mshumaa ulikuwa umeangukia chandarua usiku. Chandarua kikashika, godoro la sponji likafuatia, na chumba kikajaa moshi mweusi kabla baba hajaamka. Mtoto alitolewa akiwa hajitambui. Aliungua mkono na sehemu ya kifua, akalazwa wiki nyingi, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu akarudi nyumbani.

"Ngozi imepona, alhamdulillah," akaniambia. "Lakini kifua, dada yangu, kifua kibovu. Akikimbia kidogo tu anahema. Kwa hiyo nimemkataza kabisa kucheza."

Nikamuuliza ni daktari gani aliyemwambia amkataze. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hakuna. Ilikuwa huruma yake mwenyewe. Na nani angemlaumu? Mwanamke aliyemwona mwanawe anatolewa ndani ya moshi kama gunia hawezi tena kuvumilia kumsikia anahema.

Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya mama yule na wengine walio kama yeye, kwa sababu huruma ya namna hii inamdhuru mtoto. Mtoto ambaye mapafu yake yameumizwa na moto, akishatoka katika hatari na madaktari wakamruhusu, sehemu kubwa ya tiba iliyobaki ni kumfanya ahemeke. Si mara moja, si kwa nguvu, lakini kila siku kidogo kidogo. Tabu ni moja tu: mtoto hapendi mazoezi. Ndiyo maana katika miaka ya karibuni wataalamu wa nchi mbalimbali wakaanza kutumia kitu ambacho sisi wazazi tunakigombania nyumbani kila siku, yaani gemu za kwenye televisheni.

Moshi unafanya nini kifuani

Watu wengi hudhani mtu aliyeungua ni yule mwenye malengelenge. Lakini katika moto wa nyumba au wa bweni, moshi huua watu wengi zaidi kuliko miali yenyewe, na mtoto anaweza kutolewa ngozi yake ikiwa salama kabisa huku ndani akiwa ameumia vibaya.

Kuna majeraha ya namna tatu hapa. La kwanza ni joto. Hewa ya moto huunguza mdomo, koo na sehemu ya juu ya njia ya hewa, nayo huvimba. Uvimbe huu hauji papo hapo. Huweza kuchukua saa kadhaa, hata siku nzima, na mtoto aliyekuwa anaongea vizuri saa mbili usiku akawa anakosa hewa alfajiri. Kwa hiyo mtoto aliyetolewa kwenye chumba chenye moshi apelekwe hospitali hata kama anacheka. Ukiona masizi puani au mdomoni, vinyweleo vya pua vimeungua, sauti imekauka, au uso umebabuka, usisubiri asubuhi.

La pili ni sumu inayoingia kwenye damu. Mkaa na kuni zikiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, hivyo damu inazunguka mwilini ikiwa haina kitu cha kugawa. Godoro la sponji likiungua hutoa hiyo pamoja na sianidi. Hii ndiyo inayompotezea mtu fahamu kabla hajaufikia mlango.

La tatu ndilo linalobaki na mtoto kwa muda mrefu. Masizi na kemikali za moshi hushuka mpaka kwenye mirija midogo ya mapafu na kuichubua. Utando wa ndani hubanduka, makohozi mazito huziba mirija, na vifuko vidogo vya hewa nyuma ya mirija hiyo hunywea kama puto lisilopulizwa. Mahali palipoziba, vijidudu hupata makao, na ndiyo sababu nimonia humwandama mgonjwa wa moshi akiwa bado wodini.

Tusidhani haya ni mambo ya mbali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka duniani kutokana na kuungua, na wengi wao wako katika nchi kama zetu. Mwaka 2009 wasichana 12 walifariki katika moto wa bweni la shule ya sekondari Idodi, Iringa. Mwezi Septemba 2020 moto wa usiku katika shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa mkoani Kagera, ulichukua roho za watoto 10. Tunawaombea marehemu. Lakini kila palipo na moto wa namna hiyo wapo pia waliotoka wakiwa hai, na hao habari zao huwa hatuzifuatilii tena.

Mbona ngozi imepona na bado anahema

Hapa ndipo wazazi wengi wanapochanganyikiwa, na tuendelee taratibu.

Mapafu yaliyochubuliwa huacha makovu kama ngozi inavyoacha. Kama kifua pia kiliungua kwa nje, kovu la ngozi hukaza, na kifua kinakuwa kama kimevalishwa shati lililopunguzwa: mbavu zinataka kupanuka, kovu linakataa. Mtoto huanza kuvuta pumzi fupi za juu juu, na sehemu za chini za mapafu hazipati hewa.

Kisha kuna misuli. Mwili ulioungua vibaya huchoma nguvu zake wenyewe kwa kasi kubwa, na hali hiyo huendelea muda mrefu baada ya vidonda kufunga, pengine mwaka au zaidi. Nyama za mwili zinayeyuka. Mtoto aliyelala kitandani wiki sita hupoteza nguvu za mapaja, za mgongo, na hata za misuli ile inayovuta pumzi. Akisimama na kukimbia hatua ishirini anahema, na mama anasema "kifua kibovu", ilhali nusu ya tatizo liko miguuni.

Sasa mama anamkalisha. Misuli inazidi kupungua. Wiki ijayo anahema baada ya hatua kumi na tano. Mama anazidi kuogopa, naye mtoto anaogopa pamoja naye, kwa sababu mtoto aliyewahi kukosa hewa ndani ya moshi akihisi pumzi inapanda hudhani kifo kimerudi. Duara hili lisipokatwa linaweza kumfuata mtoto miaka mingi, na ikumbukwe kwamba mapafu ya mtoto bado yanakua. Yanahitaji kutumiwa yapate kukua.

Kwamba mazoezi yanasaidia si dhana. Mwaka 2002 watafiti wa Galveston, Texas, nchini Marekani, walitangaza matokeo ya watoto walioungua vibaya waliowekwa katika ratiba ya mazoezi ya wiki 12 chini ya usimamizi. Mapafu ya watoto hao yalifanya kazi vizuri zaidi kuliko ya wale waliopata matunzo ya kawaida bila mazoezi hayo. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa hapo hapo walikuwa wameonyesha kuwa misuli yao pia hupata nguvu.

Gemu inaingiaje hapa

Mwambie mtoto wa miaka minane anyanyue mikono mara thelathini. Atanyanyua mara sita, atakwambia amechoka, na mara ya saba atalia. Ngozi inavuta, inawasha, inauma. Anaona unamtesa.

Mwambie mtoto huyo huyo kwamba kuna mpira unamjia kwenye kioo na akiukwepa anapata pointi. Atakwepa mara mia, na jasho litamtoka bila yeye kujua.

Siri yote ni hiyo. Gemu ninazozungumzia si zile za kwenye vibanda, ambako mtoto hukaa kwenye benchi na kubonyeza vidole tu huku mgongo umepinda. Hizo kwa kifua hazina faida yoyote, na kwa mkoba wa mama zina hasara. Nazungumzia gemu zinazochezwa kwa mwili mzima. Mwaka 2006 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine iitwayo Wii, ambayo mchezaji hushika kirungu kidogo mkononi, na akipunga mkono, mchezaji wa kwenye kioo naye anapiga mpira. Mwezi Novemba 2010 kampuni ya Microsoft ikatoa Kinect, kamera inayowekwa juu au chini ya televisheni na kuusoma mwili wa mchezaji bila yeye kushika chochote. Akiruka, picha yake inaruka. Akiinama, inainama. Kwa mtoto ambaye vidole vimeungua hawezi kushika kitu, hili lilikuwa jambo kubwa.

Madaktari wa kuungua walikuwa tayari wanajua nguvu ya mchezo juu ya maumivu. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walikuwa wakiwavalisha wagonjwa miwani maalumu wakati wa kusafishwa vidonda, na ndani yake mgonjwa anaona nchi ya theluji na kurusha mabonge ya theluji. Maumivu yalipungua kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa akili haiwezi kushughulika kikamilifu na mambo mawili kwa wakati mmoja. Kutoka hapo wakaja waliosema: kama mchezo unasahaulisha maumivu, kwa nini usitumike kumfanya mtoto atembeze viungo vyake na kupanua kifua?

Kwa karibu zaidi na sisi, watafiti wa tiba ya viungo wa Chuo Kikuu cha Cairo, Misri, wamechapisha katika miaka hii ya 2020 tafiti za watoto walioungua vibaya waliofanyishwa mazoezi kwa Kinect pamoja na tiba yao ya kawaida. Waliochezeshwa walipata maendeleo makubwa zaidi ya siha ya mwili kuliko waliopewa tiba ya kawaida peke yake. Zingatia neno "pamoja". Hakuna aliyesema gemu inachukua nafasi ya daktari au ya mtaalamu wa tiba ya viungo. Anayepiga mgongo wa mtoto ili makohozi yalegee, anayemfundisha kukohoa na kunyoosha kovu, huyo haondoki.

Faida nyingine, ambayo naiona kubwa kuliko zinavyoisema tafiti, ni kwamba mchezo huu unachezwa ndani. Mtoto mwenye makovu usoni au shingoni anaogopa macho ya watu. Ndani, mbele ya ndugu zake, anashinda na anashindwa kama mtoto mwingine yeyote. Gemu haimwonei huruma wala haimcheki, na inampandisha ngazi taratibu: leo ngazi ya kwanza, kesho ya pili.

Wako watakaouliza hukumu ya gemu katika dini. Mimi si mufti, na masheikh wetu wapo, waulizeni. Ninachojua ni kwamba kujitibu ni jambo tulilohimizwa, na kwamba gemu za aina hii nyingi ni za kuruka, kukwepa na kupiga mpira, na mziki wake unaweza kuzimwa kwa kitufe. Mzazi achague, asimamie, na adhana ikisikika mashine izimwe.

Na kama hatuna mashine

Hapa nilimwona mama yule wa Raskazone ananitazama kama ninamwambia habari za mwezini. Mashine na televisheni kubwa ni gharama, umeme ni gharama, na Kinect yenyewe iliacha kutengenezwa mwaka 2017, kwa hiyo inayopatikana ni iliyotumika. Aliye na ndugu Maskati au Uingereza anayebadilisha mashine ya wanawe anaweza kuomba ile ya zamani. Kwa wengi wetu hilo haliko, na wala halihitajiki ili kazi ianze.

Tazama gemu inayosifiwa sana kwa mazoezi haya: mtoto amesimama katikati, mipira inamjia kutoka mbele, naye anakwepa kulia, kushoto, anaruka, anainama. Mabinti wa Tanga wanaujua mchezo huo tangu zamani. Ni rede. Wawili wanarusha mpira wa soksi, mmoja katikati anaukwepa. Hakuna msuli wa pumzi usioguswa na rede. Kuruka kamba nako kunapandisha pumzi haraka, kwa hiyo kuje baadaye. Kombolela kunakimbiza kisha kunampumzisha mtoto mafichoni, na kwa kifua kinachoanza hilo ni jema. Mdako na gololi ni michezo ya kukaa. Inafaa kwa vidole vilivyoungua, lakini kwa mapafu haitoshi.

Kitu tunachopaswa kuiazima gemu ni hesabu yake. Mtoto anavutwa na pointi na ngazi. Chora kwa chaki ukutani: jana alikwepa mara saba, leo mara tisa. Wiki ya kwanza acheze dakika tano, apumzike mpaka pumzi itulie, kisha tano nyingine. Wiki inayofuata ongeza kidogo. Watoto wa Texas walifanya mazoezi mara tatu kwa wiki kwa wiki 12, basi usikate tamaa siku ya nne.

Kipimo cha ukali ni mdomo wake. Muulize kitu katikati ya mchezo. Akikujibu kwa maneno machache huku anahema, yuko mahali pazuri. Akiweza kukuimbia kaswida nzima, mchezo ni mwepesi mno. Akishindwa kusema hata neno moja, asimame.

Kwa siku ambazo hawezi kutoka, kuna zoezi la chupa ambalo wataalamu wa kifua hulitumia. Chukua chupa safi, tia maji safi yafikie kama kina cha vidole vinne au vitano, ingiza mrija, na chupa iachwe wazi juu. Mtoto avute pumzi kwa pua, kisha apulize taratibu kupitia mrija ili maji yatoe mapovu kwa muda mrefu awezavyo. Yale maji yanazuia kidogo hewa inayotoka, na kizuizi hicho ndicho kinachofungua mirija midogo na kulegeza makohozi. Apulize mara kumi, apumzike, akohoe ateme. Mfundishe kwanza kwamba mrija huu si wa kunywea, maji yabadilishwe kila siku, na kila mtoto awe na mrija wake. Kupuliza mapovu ya sabuni kwa bua la mpapai nako ni mazoezi ya aina hiyo hiyo, nani asiyejua?

Kuhusu kuogelea, maana Raskazone mtu hawezi kuacha kuuliza: maji yanabeba mwili, kovu linalegea, na kifua kinafanya kazi kubwa. Ni zoezi zuri. Lakini asiingie baharini mpaka vidonda vyote vimefunga na daktari amekubali, asiingie peke yake, na awe amevaa nguo inayofunika makovu, kwani kovu jipya likipigwa na jua hubadilika rangi vibaya. Mtoto mwenye tundu la kupumulia shingoni asiingie majini kabisa.

Kupima bila mashine

Hospitalini mapafu hupimwa kwa spairomita, chombo ambacho mgonjwa hukipuliza kwa nguvu nacho kikaonyesha kiasi cha hewa na kasi yake. Kuna pia kipimo cha kutembea dakika sita: mtu hutembea kwenda na kurudi kwenye ushoroba uliopimwa, na umbali wake ukaandikwa. Hiki cha pili hata wewe unaweza kukifanya uani kwako kwa kamba iliyopimwa na saa ya simu.

Chepesi kuliko vyote ni kuhesabu. Mtoto avute pumzi ndefu, kisha ahesabu kwa sauti ya kawaida, bila kukimbiza, mpaka pumzi iishe. Nilimfanyia mvulana yule palepale ukutani. Alifika kumi na moja. Mdogo wake wa kike, wa miaka sita, akaomba naye ajaribu, akafika kumi na tisa, akaanza kucheka. Mama alinyamaza. Nikamwambia usimlinganishe na dada yake, mlinganishe na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita. Andika namba hiyo kila Ijumaa kwenye daftari, kisha daftari liende kliniki. Mtaalamu atakushukuru, kwani wengi wetu tukiulizwa "anaendeleaje" tunajibu "hajambo kidogo" na mazungumzo yanaishia hapo.

Hapo Raskazone, hospitali ya mkoa ya Bombo ni jirani. Aliyeruhusiwa kutoka wodini asiondoke bila kuuliza maswali haya: mwanangu aanze lini mazoezi, nimwone nani wa tiba ya viungo, na nini hasa nisimruhusu? Aliyepandikizwa ngozi hupewa siku zake za kutulia kwanza ili ngozi ishike, na siku hizo ziheshimiwe.

Wakati wa kusimama

Mchezo usianze, au usimame mara moja, ikiwa mtoto ana homa, midomo au kucha zinageuka rangi ya samawati au kijivu, kifua kinapiga filimbi, pua zinatanuka na mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, anaona kizunguzungu, au anakohoa damu. Pumzi isiyotulia baada ya mapumziko ya dakika kumi nayo si ya kungoja kesho. Mwenye kifafa asichezeshwe gemu za kioo zenye mianga inayomweka mpaka daktari aulizwe.

Na wakati mtoto anafanya kazi hii, nyumba nayo isimrudishe nyuma. Mapafu yaliyochubuliwa hayavumilii moshi wa jikoni. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani kuota wala kupikia milango ikiwa imefungwa, asilale karibu na dawa ya mbu ya kuchoma, na baba anayevuta sigara akavutie mbali. Ubani na udi ni mila yetu, lakini chumba cha mtoto huyu kiachwe kwa mwaka huu. Mshumaa na kibatari viwe mbali na chandarua. Usiku kitochi cha betri kinatosha.

Kwa maalim wa madrasa

Nimeacha jambo moja makusudi mpaka mwisho, kwa sababu huenda maalim akaliona kabla ya daktari. Mtoto aliyekuwa akisoma aya ndefu kwa pumzi moja, sasa anakatika katikati na kurudia. Usimchape wala usimwambie amesahau. Hajasahau, hewa imekwisha.

Maalim anajua kwamba pumzi ikikatika, msomaji anaruhusiwa kusimama pale ilipoishia, kisha arudi nyuma kidogo aunganishe maana. Mpe mtoto ruhusa hiyo waziwazi mbele ya wenzake, wasije wakamcheka. Akae wima, avute pumzi mpaka tumbo litoke, ndipo aanze. Mada ndefu ya harakati sita aianze na mbili, wiki nyingine tatu. Sisemi kisomo kigeuzwe dawa ya mapafu. Nasema mtoto huyu kila siku anakaa mbele yako na pumzi yake inasikika, na wewe una sikio lililozoea kuipima.

Mama wa yule mvulana alinipigia simu wiki ya tatu. Namba ya Ijumaa ilikuwa kumi na nne. Alikuwa anauliza kama sasa anaweza kucheza rede na watoto wa nyumba ya pili, au aendelee kwanza na ndugu zake tu. Nilimwambia aanze na wawili anaowazoea, jioni jua likishapungua, na yeye mwenyewe akae karibu lakini asimwite kila akihema.